Sura ya Tano: Maji ya Kisima na Mfereji Mpya Jikoni

Swali ambalo watu wa Kisiwa cha Mombasa, na hasa wakazi wa Mji wa Kale, huliuliza kila waonapo mtambo wa kuchujia maji umetundikwa dukani, vikopo vyake vyeupe vimepangwa sambamba, ni hili: je, nikiununua huu na kuufunga jikoni kwangu, maji ya kisima chetu, yaliyo na chumvi hata chai ikaharibika ladha, yatakuwa matamu, na yatafaa kunywewa na watoto? Jawabu ni kwamba yatakuwa matamu na yatafaa, lakini kwa masharti manne, nayo ni haya: uyajue maji yako kwa kipimo kabla hujatoa fedha, uupe mtambo nguvu ya kusukuma maji unayoihitaji, uuanze kwa utaratibu siku ya kwanza, na uutunze kwa tarehe maalumu baada ya hapo. Asiyetimiza sharti la kwanza aghalabu hujuta hata akiyatimiza yale matatu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya sura hii yahusu kupima.

Chumvi yatoka wapi?

Mombasa ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, hakina mto wala kijito, na tangu zama za kale wenyeji wake wamekunywa maji ya visima walivyochimba katika mawe hayo, pamoja na maji ya mvua waliyoyakinga kutoka mapaani. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka wa 1593, wao pia hawakuwa na njia nyingine, na ndani ya kuta zake waliweka birika la kukingia mvua, kwani ngome isiyo na maji yake yenyewe haikuweza kustahimili kuzingirwa.

Mvua inyeshapo hupenya katika mawe na kushuka chini, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya bahari, hukaa juu ya maji hayo ya bahari bila kuchanganyika upesi. Kanuni yake ni ya ajabu na yafaa kukumbukwa na kila mwenye kisima: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, pana karibu mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba mwenye kufunga pampu yenye nguvu na kuyavuta maji mfululizo, akayateremsha nusu mita tu, huenda siku zikipita akaipandisha chumvi kutoka chini kwa mita 20. Ndiyo sababu kisima kilichowanywesha mababu zetu kwa ndoo na kamba hubadilika tabia kikifungwa pampu; na ndiyo sababu kisima kile kile huzidi chumvi mwishoni mwa kaskazi, kabla ya mvua, kisha kikapungua baada ya masika.

Maji ya mfereji ni habari nyingine. Hayo yatoka mbali: kutoka chemchemi za Mzima katika Tsavo, umbali wa karibu kilomita 220, kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950, kutoka chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, kutoka visima vya Tiwi huko kusini, na kutoka Baricho, kando ya mto Sabaki. Aghalabu maji hayo ni matamu kuliko ya kisima, lakini hayawatoshi watu wa Mombasa, hugawanywa kwa zamu, na mfereji hukauka siku nyingi, ndipo watu wakarudi kwenye kisima, au wakanunua mitungi ya lita 20 kutoka kwa mikokoteni, bila kujua yaliyomo yametoka wapi.

Kuna aibu ya pili ya maji ya visima vyetu, nayo haionekani wala haionjeki. Mji wetu umesongamana, vyoo vya shimo viko karibu na visima, na mawe ya matumbawe yamejaa nyufa na matundu ambayo uchafu hupitia kwa wepesi. Kwa hiyo maji ya kisima huweza kuwa na maradhi mawili kwa pamoja, chumvi na vijidudu, na kila maradhi yana dawa yake. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi hata chembe. Bali kwa kuwa sehemu ya maji hupaa kuwa mvuke, chumvi iliyobaki huzidi ukali, na ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai ni ushahidi wa madini yaliyobaki nyuma.

Kwa ufupi: chumvi ya kisima yatokana na bahari iliyo chini yetu, nayo hubadilika kwa majira na kwa jinsi tunavyovuta maji. Kuchemsha hakuiondoi. Vijidudu ni jambo jingine, na huhitaji dawa nyingine.

Mtambo huu wafanya nini?

Jina lake la kitaalamu ni osmosisi ya kinyume, na wauzaji huuita kwa herufi mbili tu, RO. Osmosisi ni tabia ya maji kupenya katika utando mwembamba kutoka upande usio na chumvi kwenda upande wenye chumvi, kana kwamba chumvi yayavuta. Jambo hili lilitazamwa na Jean-Antoine Nollet wa Ufaransa mwaka wa 1748, alipotumia kibofu cha nguruwe kuwa ndio utando. Kinyume chake ni kuyalazimisha maji kwa nguvu yatoke upande wenye chumvi kwenda upande usio na chumvi, na chumvi ibaki nyuma. Kwa muda mrefu haikupatikana karatasi ya utando iwezayo kufanya kazi hiyo kwa kasi yenye faida, hata Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipoitengeneza katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950; na mwaka wa 1965 mji mdogo wa Coalinga, katika jimbo hilo hilo, ulianza kunywa maji yaliyosafishwa hivyo. Leo mji wa Sur nchini Oman, ambao majahazi yake yalikuwa yakitia nanga katika bandari yetu ya kale kila msimu wa kaskazi, wanywa maji ya bahari yaliyopitishwa katika utando wa namna hii.

Mama apikaye wali wa nazi ajua kwamba tui halitoki katika kifumbu kwa kungojewa. Sharuti kikamuliwe, na jinsi kinavyokamuliwa ndivyo tui linavyotoka. Utando nao ni hivyo hivyo: pasipo nguvu ya kusukuma, hautoi maji.

Mtambo wa nyumbani, kwa kawaida, una hatua tano, na kila moja ina kazi yake:

1. Kichujio cha matope, kilichosukwa kwa nyuzi, ambacho huzuia mchanga, kutu na takataka.
2. Kichujio cha makaa ya chengachenga, ambacho hufyonza harufu na klorini, yaani ile dawa itiwayo majini kuua vijidudu.
3. Kichujio cha makaa yaliyoshindiliwa, kimalizacho kazi ya hicho cha pili.
4. Utando wenyewe, uliokunjwa kama mkeka ndani ya kopo refu, ambao ndio uondoao chumvi.
5. Kichujio kidogo cha makaa, kisafishacho ladha ya maji yatokapo katika tangi kwenda kwenye mfereji.

Makaa hutangulia utando kwa sababu kubwa: klorini huula utando na kuutoboa. Mwenye kuacha makaa yazeeke kwa kubania fedha ya kichujio cha bei rahisi huutia hatarini utando, ambao ni sehemu yenye thamani kuliko zote.

Sharti la kwanza: kupima

Kipimo cha chumvi ni kijiti kidogo cha betri, kipatikanacho kwa bei nafuu, ambacho hutumbukizwa ncha yake katika bilauri ya maji na kuandika tarakimu. Tarakimu hiyo huitwa TDS, nayo ni makisio ya jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka majini, kwa miligramu katika kila lita. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba maji yaliyo chini ya 600 kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na kwamba yakipita 1,000 huanza kuwachukiza wanywaji. Maji ya bahari yana karibu 35,000.

Mitambo mingi ya nyumbani imetengenezwa kwa maji yasiyozidi 2,000. Basi mwenye kisima cha 1,800 aweza kununua. Mwenye kisima cha 5,000 ataona mtambo wake ukitoa maji kidogo yenye ladha ya chumvi, na utando ukifa mapema, naye ni afadhali akinge mvua au atafute maji mengine. Na aliye na maji ya mfereji ya 400 hana haja ya mtambo huu kwa ajili ya chumvi. Kuyachemsha au kuyatia klorini kwatosha, na fedha zake azitumie kwa tangi la akiba.

Usipime mara moja ukaridhika. Pima mwishoni mwa kaskazi, na upime tena baada ya masika, na maji yakiwa yamevutwa kwa muda wa saa nzima, maana maji ya kwanza ya asubuhi, yaliyotulia usiku kucha, huficha hali ya kisima. Tarakimu ya kufuata ni ile kubwa kuliko zote, kwani mtambo utafanya kazi mwaka mzima.

Na hapa yatakikana hadhari. Kipimo hiki hakioni vijidudu hata kidogo. Maji ya 50 yaweza kubeba kipindupindu, na maji ya 1,500 yaweza kuwa safi na vijidudu. Kwa hiyo peleka chupa ya maji ya kisima chako katika maabara, ikachunguzwe vijidudu vya kinyesi, na jawabu likiwa baya, tangi la juu litiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, kisha makaa ya mtambo yataiondoa klorini hiyo kabla haijafika kwenye utando. Ni kweli kwamba utando ulio mzima huzuia vijidudu, lakini mpira mmoja uliokaa upande watosha kuvipitisha, na hakuna mzazi apaswaye kuiweka siha ya wanawe juu ya mpira mmoja.

Sharti la pili: nguvu ya kusukuma

Hapa ndipo nyumba nyingi za Mji wa Kale zinapopungukiwa, na ndipo lawama nyingi utwikwazo mtambo zinapostahili kupelekwa. Utando wa nyumbani wataka msukumo wa bari 3 hadi 4. Na bari ni kipimo cha msukumo, ambapo kila mita 10 za kimo cha maji hutoa bari moja. Mafundi wengi hutumia pauni, na bari moja ni karibu pauni 14 na nusu.

Tuchukue nyumba ya ghorofa mbili huko Kibokoni, ambayo tangi lake liko juu ya dari na jiko lake liko chini, mita 6 kutoka tangini. Msukumo wa maji hapo jikoni ni sita ya kumi ya bari. Sasa tufikirie chumvi: kila gramu moja ya chumvi katika lita ya maji yarudisha nyuma msukumo wa karibu robo tatu ya bari, kwa hiyo maji ya 1,800 yadai bari moja na theluthi kabla ya tone la kwanza kupita. Sita ya kumi haifiki hata nusu ya deni hilo, na mtambo uliofungwa hapo bila pampu hautatoa kitu, hata ukiwa mpya na wa bei ya juu namna gani.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ambayo mitambo mingine huuzwa nayo na mingine huuzwa bila hiyo; uliza kabla ya kulipa. Iwe na swichi mbili: moja huizima maji yakikosekana tangini, isije ikazunguka kavu na kuungua, na ya pili huizima tangi dogo la mtambo likijaa. Stima ikikatika, usiwe na wasiwasi, kwani maji yaliyokwisha kuchujwa husukumwa na hewa iliyomo katika tangi hilo, na mfereji utaendelea kutoa mpaka akiba iishe.

Kwa ufupi: mita 10 za kimo ni bari moja, mtambo wataka 3 hadi 4, kimo cha nyumba zetu hakitoshi, na pampu si anasa.

Sharti la tatu: siku ya kwanza

Fundi wa mabomba aweza kuufunga mtambo kwa nusu siku, lakini mwenye nyumba na asimame naye, maana makosa ya siku hii hujificha kwa miezi. Taratibu ni hizi:

1. Funga vichujio vitatu vya mwanzo bila ya utando, fungulia maji, na uyamwage katika ndoo mpaka weusi wa unga wa makaa uishe. Unga huo ukiingia katika utando hauondoki kwa wepesi.
2. Paka mipira ya vikopo mafuta ya silikoni. Usitumie mafuta ya kujipaka, kwani hayo huvimbisha mpira.
3. Nawa mikono, utoe utando katika mfuko wake, na uusukume ndani ya kopo mpaka ukae barabara.
4. Pima hewa ya tangi dogo likiwa tupu, kwa kipimo cha magurudumu ya gari. Iwe karibu nusu bari, yaani pauni 7.
5. Fungulia maji polepole, ukague kila kiungo kwa karatasi kavu, kisha urudi kukagua tena jioni.
6. Tangi la kwanza likijaa, limwage lote. La pili pia limwage. Utando hutoka kiwandani na dawa ya kuuhifadhi, nayo sharuti ioshwe kabla ya mtu kunywa.
7. Pima maji ya mfereji mpya, na uandike tarakimu pamoja na tarehe.

Kiungo cha mirija chataka kutazamwa kwa karibu. Mrija hukatwa kwa wembe mkali, wima kabisa, bila mshazari. Husukumwa ndani ya kiungo mpaka usikie umegota, kisha usukume kidogo tena, kwani mgoto wa kwanza ni meno yanayoushika na wa pili ndio mpira unaozuia maji. Halafu uvute nyuma kwa nguvu. Ukikataa kutoka, umekaa. Mrija uliokatwa mshazari waweza kushika siku ya kwanza usivuje, ukaanza kutona usiku wa manane pampu inapokuwa na nguvu zote.

Tarakimu ya siku ya kwanza ndiyo hati ya mtambo wako. Ikiwa maji ya kisima ni 1,800 na ya mfereji mpya ni 120, basi katika kila sehemu mia za chumvi zimeondoka 93, na hayo ni mazuri. Utando mzima huondoa kati ya sehemu 90 na 98. Zikiwa zimeondoka 60 tu, mpira wa utando haukukaa sawa, au utando una dosari. Mwite fundi siku hiyo hiyo.

Maji yanayomwagika

Wengi hushtuka waonapo mrija wa pili ukitiririsha maji kuelekea kwenye mtaro. Hiyo si hitilafu. Chumvi iliyozuiwa lazima ichukuliwe na maji mengine, la sivyo ingeganda juu ya utando, na mitambo mingi ya nyumbani humwaga lita 3, au zaidi, kwa kila lita moja inayotoa. Nyumba inayotumia lita 20 kwa kunywa na kupika itamwaga lita 60, yaani mitungi mitatu kila siku, na katika mji ambao mama huamka usiku kungojea zamu ya mfereji, kuyaacha maji hayo yapotee ni israfu isiyo na udhuru.

Maji hayo si machafu. Ni yale yale ya kisima, chumvi yake imezidi kidogo. Katika mfano wetu wa 1,800 huwa karibu 2,400. Elekeza mrija wake katika pipa lenye kifuniko, uutundike juu ya ukingo pasipo kuutumbukiza, ili maji ya pipa yasinyonywe kurudi nyuma. Yafaa kwa kupigia deki, kwa choo, na kwa kufua kwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa hata maji ya bahari yajuzu kutawadhia, haya nayo hayana kizuizi. Yasitiwe katika vyungu vya asumini na mikadi, maana chumvi hubaki katika udongo mpaka ikaua mizizi.

Sharti la nne: matunzo kwa tarehe

- Kichujio cha matope na vya makaa: kila miezi sita, na mapema zaidi maji yakiwa na matope.
- Kichujio kidogo cha mwisho: kila mwaka.
- Utando: miaka miwili hadi mitatu, lakini hukumu ni ya kipimo, wala si ya kalenda, ukiona zilizoondoka zimeshuka chini ya 80 katika mia, ubadilishe.
- Hewa ya tangi dogo: kila ubadilishapo vichujio.
- Nyumba ikifungwa kwa wiki kadhaa, mathalan watu wakienda Lamu kwa Maulidi na kukaa na jamaa, funga maji kabla ya kuondoka, na urudipo umwage tangi zima kabla ya kunywa.

Ladha ya maji haya huwa nyepesi kwa wasioyazoea, kwa sababu madini mema nayo hupungua pamoja na chumvi. Mwenye kula samaki, maziwa, kunde na mboga hupata madini yake humo, na asiyeipenda ladha hiyo aweza kuongeza kikopo cha kurudisha madini, ambacho huuzwa peke yake.

Nani anunue, na aanze wapi?

Mtambo huu ni neema kwa aliye na kisima cha chumvi ya wastani, stima ya kutegemewa na nia ya kuutunza. Na ni gharama bure kwa aliye na maji matamu tayari, au aliye na kisima ambacho bahari imekwisha kukitwaa. Tofauti baina ya watu hawa haijulikani kwa macho, wala kwa ulimi, wala kwa maneno ya muuzaji ambaye hajayaona maji yao. Basi anayetaka kuanza leo asianze kwa kwenda kununua mtambo. Na anunue kijiti cha kupimia, apime maji ya kisima, ya tangi la juu na ya mtungi wa mkokoteni, apime kimo kutoka tangini hadi jikoni, ayaandike yote katika daftari, na daftari hilo ndilo aliweke mbele ya muuzaji, amwulize mtambo upi utafanya kazi kwa maji haya na kwa msukumo huu. Muuzaji mwenye maarifa atalisoma na kumjibu kwa tarakimu. Na asiyetaka kulisoma, mnunuzi amepata sababu ya kutosha ya kwenda duka jingine.